Diski saba za zamani kwenye boksi, moja inalia tu haizunguki. Bado zina kazi au ndiyo basi?

#1 Bisibisi
Wakuu, habari zenu. Nina boksi lenye diski ngumu saba nilizozichomoa kwenye kompyuta zilizokufa kwa nyakati tofauti. Nne ni za inchi 3.5, tatu ni za laptopu. Ndogo ni GB 40, kubwa ni GB 500. Mbili ni za IDE, zile za zamani za pini 40 na mkanda mpana wa waya, zilizobaki ni SATA, muunganisho mpya zaidi wa waya mwembamba. Kila nikifanya usafi nalibeba boksi hadi mlangoni, kisha nalirudisha. Roho haikubali kutupa kitu kilichoundwa kwa ufundi wa namna ile.

Jana nimezichomeka moja moja kwa adapta ya USB. Tano zimewaka na zinasomeka. Ya sita inagonga, tik tik tik, halafu inazima. Ya saba ndiyo inayoniumiza. Ni IDE ya inchi 3.5, GB 80. Haizunguki kabisa, inatoa mlio mwembamba mara tatu kisha inanyamaza. Ndani kuna picha za miaka minne ambazo sina mahali pengine popote.

Hizi tano nzima nizipe kazi gani? Inayogonga niifanye nini? Na hii inayolia, inaumwa nini?

#2 Ngamia_Mpole
Naweka kambi hapa. Mimi ninazo nne kwenye droo.

#3 FundiWaya
Mkuu Bisibisi, kabla ya kuzipa kazi, zipime. Diski yenyewe hutunza kumbukumbu ya afya yake, inaitwa SMART. Kwenye Linux unaisoma kwa smartctl, na Windows kuna programu za bure za kuisoma. Usihangaike na mistari yote. Angalia namba 5 (sekta, yaani vipande vidogo vya kutunzia data, zilizohamishwa), 197 (sekta zinazosubiri hukumu) na 9 (saa ilizofanya kazi). Saa hizo zigawe kwa 8,760 upate miaka. Utashangaa, diski inayoonekana mpya unakuta imekesha miaka mitano.

197 ikiwa si sifuri, usiipe kitu unachokipenda. Ila usiitupe hapo hapo. Kama haina kitu cha kuokoa, iandike sifuri mwanzo hadi mwisho, kisha pima tena. Mara nyingine sekta zilizosubiri zinaandikika vizuri na namba inarudi sifuri. Ikizidi kupanda, hiyo imeanza safari.

Halafu baadhi ya adapta za USB hazipitishi taarifa za SMART. Ukiona patupu, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani.

#4 MamaKibodi
Hizo tano nzima mimi ningezifanyia sava ya nyumbani. Ndivyo nilivyofanya. Nilichukua kompyuta ya mezani ya zamani ambayo Windows ilikuwa haiiwezi tena, nikaweka OpenMediaVault, mfumo wa sava ya mafaili uliojengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, na diski mbili za GB 500 zikafanya kazi kama kioo: kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Simu za nyumba nzima zinamwaga picha huko usiku. Mashine haina monita wala kibodi, ipo tu juu ya kabati inapumua.

Ila nikupe somo nililolipa kwa machozi. Kioo si nakala rudufu. Mwanangu alifuta folda nzima ya video za kuzaliwa kwa mdogo wake, na diski zote mbili zikatii kwa sekunde ileile. Tangu hapo kuna diski ya tatu, ya zamani vilevile, naichomeka mara moja kwa mwezi, nanakili, nachomoa, naweka chumba kingine. Hiyo ndiyo kazi bora ya diski ya zamani kwa maoni yangu: kulala mahali salama.

#5 SahaniMoja
Tuje kwenye inayolia. Huo mlio ni mota inajaribu kuzunguka na kushindwa. Vichwa, vile vincha vinavyosoma data, vimenata kwenye sahani, lile bamba la duara linalotunza data. Diski za umri huo nyingi, zikizimwa, vichwa vinatua juu ya sahani yenyewe, sehemu ya ndani karibu na ekseli. Sahani ni laini kuliko kioo cha dirisha na ina utando mwembamba sana wa kilainishi. Ukiiacha miaka, laini kwa laini vinashikana kama vioo viwili vyenye maji katikati. Diski za laptopu na mpya zaidi hazina shida hiyo sana, vichwa vinapanda kwenye kibao cha mteremko nje ya sahani.

#6 Kapasita
Sikubaliani na SahaniMoja. Mnakimbilia ugonjwa mkubwa kabla ya kupima mdogo. Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 za mota na volti 5 za saketi, na inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye ile 12. Adapta ya USB iliyokaa miaka, kapasita zake zimechoka, volti inaporomoka pale pale mota inapoomba nguvu. Dalili ni hizo hizo: mlio, kimya, mlio, kimya. Ichomeke kwenye pawa saplai ya kompyuta kwanza, ndipo mzungumzie vichwa.

#7 SahaniMoja
Kapasita, adapta hiyo hiyo imewasha za inchi 3.5 nyingine. Soma post ya kwanza vizuri.

#8 Kapasita
Nimesoma. Kila diski ina ulafi wake. Ya zamani yenye sahani nzito inavuta zaidi.

#9 Mzee_wa_Gesi
Mimi nasema ni bearing. Grisi inakauka. Feni ya zamani inafanya hivyo hivyo, ukiisukuma kwa kidole inaanza.

#10 FundiWaya
Inawezekana, mzee, lakini inategemea umri wake. Diski za miaka ya 1990 zilikuwa na golori, zile zinachakaa na kupiga kelele. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji walihamia kwenye ekseli inayoelea ndani ya mafuta. GB 80 ipo hapo hapo kwenye mpaka. Bisibisi, lebo ina mwaka gani?

#11 Bisibisi
Lebo inasema 2003. Asanteni, nasoma kila neno.

#12 Tumbili_Mjanja
Iweke kwenye friza saa mbili halafu ichomeke haraka haraka. Jamaa yangu alifanya ikawaka.

#13 FundiWaya
Tumbili, tafadhali. Diski ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio. Ukiitoa kwenye baridi kali kuja kwenye hewa ya chumba, unyevu unaganda juu ya sahani. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, nywele ya mtu ni nene maelfu ya mara kuliko nafasi hiyo. Tone la unyevu pale ni kama jabali barabarani. Kama jamaa yako ilimwakia, nashukuru kwa ajili yake, lakini hapa kuna picha za mtu za miaka minne.

#14 Tumbili_Mjanja
Nimekusikia mkuu. Nafuta ushauri wangu.

#15 Kipaji
Na ile inayogonga? Si anunue diski nyingine ya aina ileile ahamishe bodi ya saketi iliyo chini yake?

#16 SahaniMoja
Zamani ilifanya kazi. Sasa kila bodi inabeba chipu ndogo yenye vipimo vya diski ile moja tu: vichwa vyake, kasoro za sahani zake, vilipimwa kiwandani. Ukihamisha bodi bila kuhamisha chipu, diski haijitambui. Na kugonga kwa kawaida ni kichwa kinatafuta alama zake kwenye sahani, hakizioni, kinarudi pembeni na kujaribu tena. Mara nyingi tatizo liko ndani, siyo chini.

#17 Mjenzi_wa_Usiku
Inayogonga, kama haina kitu cha thamani, ifungue. Naongea kama mtu aliyezifungua zaidi ya thelathini na bado napenda kila moja.

Tafuta bisibisi ya nyota ya T8, au T6 kwa za laptopu. Toa skrubu za pembeni zote. Kifuniko kikikataa kutoka usikibanjue kwa nguvu, pitisha ukucha juu ya lebo, utasikia kishimo. Kuna skrubu imejificha chini ya karatasi. Hiyo ikitoka, kifuniko kinaachia kwa sauti ndogo ya gundi. Ndani ni pasafi kuliko kitu chochote ulichonacho nyumbani. Sahani inang'aa, unaona mpaka kope zako. Mkono wa vichwa umelala pembeni, ncha yake nyembamba kama mguu wa mbu.

Kwenye mkia wa mkono ule kuna koili, na koili imebanwa kati ya vipande viwili vya chuma vilivyobeba sumaku. Hapo ndipo mali ilipo. Ni sumaku za neodimiamu, aina iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani na Marekani karibu wakati mmoja. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinashika nyundo ukutani. Mimi zangu zinashikilia visu vya jikoni, bisibisi zote za karakana, na moja iko chini ya meza inakusanya skrubu zinazodondoka.

Tahadhari: usiziache mbili zikaribiane ukiwa umeweka kidole katikati. Nilibanwa ngozi ya kidole cha shahada, damu ikajaa chini, kucha ikawa nyeusi wiki tatu. Zikigongana zinavunjika na vipande vinaruka. Na mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo asizisogelee kabisa.

#18 Jicho_la_Paka
Mkuu Mjenzi, nyongeza muhimu kwenye post yako. Umesema sahani kwa ujumla, lakini sahani za diski za laptopu nyingi ni kioo kilichopakwa, siyo aluminiamu. Nilitaka kukunja moja kwa koleo ili isisomeke tena. Ililipuka mkononi, vipande kama chumvi mpaka ndani ya kibodi. Nilikuwa nimevaa miwani ya kawaida tu, Mungu alinisaidia. Ukitaka kujua ni ipi, igonge taratibu kwa ukucha. Aluminiamu inalia kama kengele, kioo kinatoa sauti fupi kavu. Zile zinazolia mimi nimezitundika dirishani, upepo ukija zinaimba.

#19 Mjenzi_wa_Usiku
Kweli kabisa, nimekosea kutolisema hilo. Zangu nyingi ni za mezani. Asante.

#20 Ngamia_Mpole
Sasa nataka kwenda kuzifungua zangu zote nne usiku huu.

#21 MamaKibodi
Ngamia, zipime kwanza! Mjenzi akikushika mkono hutabaki na diski hata moja ya kuhifadhi picha 😄

#22 Sauti_ya_Flopi
Ongezeni na vifaa vya CD na DVD. Ndani kuna mota ndogo ya hatua inayosogeza lenzi kwa kipimo kamili. Mota mbili za hivyo zinatosha kutengeneza mashine ya kuchora kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja. Na kama una CD-ROM ya zamani yenye kitufe cha kucheza na tundu la hedifoni mbele, usiivunje. Ipe volti 12 na 5 tu, weka CD ya muziki, bonyeza. Inapiga yenyewe bila kompyuta. Yangu iko jikoni.

Flopi nazo zinaimba. Mota ya flopi ikisogezwa kwa kasi tofauti inatoa noti tofauti. Paweł Zadrożniak wa Polandi alijenga mtambo mzima wa muziki kwa njia hiyo, Floppotron. Toleo la tatu la mwaka 2022 lina flopi 512, diski ngumu 16 na skana 4. Nilipousikia mara ya kwanza nilinyanyuka kwenye kiti.

#23 Jicho_la_Paka
Ila kwenye DVD ya kuandikia kuna leza, na watu wanaitoa kuchezea. Leza ile inaunguza karatasi. Jicho halina nafasi ya kupepesa. Ya CD ni mbaya zaidi kwa namna moja, mwanga wake ni wa nanomita 780, karibu hauonekani kabisa, kwa hiyo hujui hata kama inakupiga. Mota chukueni, leza iacheni.

#24 Kipaji
Swali dogo. Nikitaka kumpa mtu diski yangu, nifute mara ngapi? Nimesoma mahali kwamba ni mara 35.

#25 FundiWaya
Hiyo 35 ilitoka kwenye andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996, na ilijumlisha mbinu za aina zote za diski za wakati ule kwa pamoja. Yeye mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba hakuna haja ya kufanya zote 35 kwa diski moja. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, namba 800-88, unakubali kuandika juu mara moja kwa diski ngumu za kawaida. Sifuri mwanzo hadi mwisho, basi.

SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, ni habari nyingine. Inahamisha data ndani kwa ndani ili isichakae sehemu moja, kwa hiyo ukiandika juu huna uhakika umeandika palepale. Tumia amri ya kujifuta iliyomo ndani ya SSD yenyewe.

#26 Jicho_la_Paka
Mimi bado nafuta mara tatu. Najua hoja ya FundiWaya, lakini diski yenye barua za mama yangu sitaki kuiamini hesabu, nataka kulala.

#27 Kapasita
Hamjagusa pawa saplai. Ya ATX, ile ya kawaida ya kompyuta ya mezani, ikiwa nzima, unganisha waya wa kijani na mmoja mweusi kwenye plagi kubwa, inawaka bila kompyuta. Njano ni volti 12, nyekundu ni 5, chungwa ni 3.3. Mimi naendeshea taa za LED, feni za kompyuta nilizozifanya za kutoa moshi wa risasi ninapochomelea, na kupimia hizo diski mnazobishania. Baadhi ya za zamani hazitulii mpaka uziwekee mzigo kwenye ile 5.

Kasha lake msilifungue. Kapasita kubwa ndani zinashika zaidi ya volti 300 na zinabaki na chaji hata ukichomoa ukutani. Nimerushwa mara moja. Mkono ulikufa ganzi mpaka begani.

#28 Mzee_wa_Gesi
Na dhahabu je? RAM na pini za mazabodi zina dhahabu.

#29 Sauti_ya_Flopi
Ipo, mzee, lakini ni utando mwembamba mno, na kuitoa kunahitaji asidi kali. Mvuke wake unaharibu mapafu, maji yanayobaki yana shaba na risasi, utayamwaga wapi? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilihesabu tani milioni 62 za taka za elektroniki duniani kwa mwaka 2022 pekee, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kiasi kikubwa cha hiyo nyingine kinaishia kwa watu wanaochoma waya kwa mikono mitupu. RAM zikiwa nzima mpe mwenye mashine ya umri ule. Atakuombea dua.

#30 Kipaji
Na mashine za umri ule zitaongezeka. Windows 10 iliachwa Oktoba 2025, kompyuta nyingi nzima zimeambiwa hazifai. Weka Linux, weka SSD ndogo badala ya diski, inakuwa mpya. Ila kama ni ya biti 32 angalia kabla, Debian 13 haina tena kisakinishi chake.

#31 Bisibisi
Mrejesho, wakuu. Naandika mikono inatetemeka.

Leo jioni nimeitoa ile diski, nikaishika kifuani kama dakika kumi hivi ipate joto. Kisha nikaishika bapa kiganjani na kuizungusha kwa kifundo cha mkono, kulia, kushoto, kwa haraka lakini bila kuigonga, mara sita. Nikaunganisha pawa saplai ya ATX kama alivyoelekeza Kapasita. Nikawasha.

Ikalia mara moja. Ikanyamaza. Halafu nikasikia ule mvumo, mdogo, unapanda, unapanda, mpaka ukatulia. Nikaacha kupumua. Folda zikatokea.

Sikunakili kwa mkono. Natumia ddrescue, programu ya kuokoa data, inachukua kwanza yanayosomeka kirahisi, mabovu inayarudia mwishoni. Inakwenda MB 4 kwa sekunde. Nimefungua picha moja tu kuhakikisha. Ni yenyewe.

#32 MamaKibodi
Alhamdulillah! Nimefurahi kama ni zangu.

#33 SahaniMoja
Hongera sana mkuu. Na mnaona sasa, vichwa vilikuwa vimenata. Msukosuko wa kuizungusha ndio umevibandua.

#34 Kapasita
Hongera. Lakini kabadilisha na umeme pia, SahaniMoja! Amepata volti 12 iliyosimama, mota ikapata pumzi.

#35 Mzee_wa_Gesi
Na kaipasha joto kifuani. Mafuta yameyeyuka.

#36 FundiWaya
Kabadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hapa hakuna mwenye ushahidi. Bisibisi, ikimaliza kunakili na ukathibitisha picha zote zinafunguka, izime, iache ipoe usiku mzima, kisha ichomeke kwenye adapta ile ya USB bila kuigusa. Ikizunguka, Kapasita hana hoja. Ikilia, ihamishie kwenye ATX bila kuipasha wala kuizungusha.

#37 SahaniMoja
Usiku mmoja hautoshi. Kunata kulichukua miaka.

#38 Mjenzi_wa_Usiku
Na ile inayogonga?

#39 Bisibisi
Ipo mezani, T8 nimeazima kwa jirani. Kesho. Hii ya picha siizimi leo, FundiWaya, unisamehe. Zimebaki GB 11, nimekaa pembeni yake na feni nimeielekezea.